Gari la Wagonjwa Lililokwenda Lindi Mlango Wazi

Vijana wa kituo cha afya waliponiaga kwa pilau na soda walinipa saa ya ukutani. Nimeitundika jikoni, ingawa sina tena pa kuwahi. Tulipomaliza kula wakaniomba niwaandikie mambo ya kazi ambayo chuoni hawakufundishwa. Chanjo wanaijua kuliko mimi, kliniki ya wajawazito wanaiendesha vizuri, na majina ya dawa mpya wanayatamka bila kujing'ata ulimi. Walichotaka ni habari za watu wa nje, yaani wale wasio na pa kulala, wanaojilaza sokoni, stendi, bandarini na kwenye majengo yasiyoisha hapa Kilwa Masoko. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, na ndiyo nitakayoieleza. Nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa, hayo waulizeni waliopandishwa.

Nilianza Mitole, kwenye zahanati ndogo iliyozungukwa na mikorosho. Kule kila mgonjwa alikuwa na kwao. Asipokuja kuchukua dawa, unamwuliza jirani, unaoneshwa njia, unafika uani, unapewa kigoda, na mtu wako unamkuta na mama yake pembeni akimsema kwa kukimbia sindano. Nusu ya kazi yangu ilifanywa na mama hao, nami sikujua mpaka nilipohamishiwa Masoko na kupewa wagonjwa wasio na ua, wasio na jirani na wasio na mama wa kuwasema.

Aliyenipokea ni Sista Anastazia, muuguzi mkongwe kutoka kule juu kwenye uwanda wa Makonde. Alikuwa Mkristo, msalaba mdogo shingoni, lakini saa za swala alizijua kuliko baadhi yetu Waislamu, kwa sababu ndizo alizopangia mizunguko yake. Baada ya swala ya alfajiri, alisema, watu wa nje wako macho, wamenawa kwenye bomba la msikiti, na hawajatawanyika kutafuta riziki. Ukija saa mbili, saa za ofisi, utakuta maboksi matupu.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka nyuma ya soko la samaki kwa mchukuzi mmoja mzee, Bakari, aliyekuwa na kidonda cha siku nyingi mguuni. Nilimwendea moja kwa moja, begi mkononi, nikamwambia nimekuja kumsafisha. Akaufunika mguu kwa gunia akatazama pembeni. Sista Anastazia akanivuta mkono.

"Umeingia chumbani kwa mtu bila hodi," aliniambia.

Nikamwuliza chumba kipi.

"Hicho ulichokanyaga."

Nilikuwa nimesimama juu ya boksi lililofunuliwa, na viatu vyangu vilikuwa na tope. Nikashuka. Sista akapiga hodi hewani, akamwamkia mzee, akaketi chini kwenye kreti la samaki, wakazungumza juu ya pweza na jinsi walivyoadimika. Waliongea mpaka nikaanza kuona aibu kwa niaba ya serikali iliyotulipa. Kisha mzee Bakari akautoa mguu mwenyewe, bila kuombwa, kama mtu anayekusogezea kikombe umwongeze chai.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kawaida. Begi la turubai, kwa sababu la ngozi linawafanya watu wadhani umetoka mahakamani. Dumu la maji safi, sabuni, pamba, spiriti, dawa ya zambarau ya vidonda, mkasi, glovu, na kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ambacho nilikuwa nikikibeba hata siku ambazo sikutarajia mjamzito. Mengine hayakukaa kwenye begi. Usimwendee mtu kwa nyuma. Ukiketi, usikae kati yake na njia ya kutokea. Usimwambie utakuja kesho kama huna hakika utakuja, kwa sababu wewe una mambo mengi ya kesho na yeye huenda ana hilo moja tu.

Kwa namna hiyo tuliwatibu wengi. Palikuwa na kijana mwenye kifua kikuu aliyekuwa akimeza tembe zake kila siku kwenye banda la Mama Chai, mbele ya Mama Chai mwenyewe, ambaye hakumpa maandazi kabla hajaona tembe imeshuka kooni. Palikuwa na Juma, mwenye kifafa, ambaye wachukuzi wenzake walikuwa wakimkimbia akianguka. Tuliwafundisha kumlaza ubavu na kuondoa mawe karibu na kichwa, na baada ya hapo wakawa wanabishana nani anajua kumlaza vizuri zaidi. Sista Anastazia alistaafu akahamia Lindi mjini, akaniachia begi na mzunguko wote. Miaka ikapita.

Ndipo akaja Tausi.

Jina hilo alipewa na wauza samaki, kwa sababu alikuwa akivaa kanga nyingi juu ya nyingine, za rangi zote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, na hakuna aliyejua ametokea wapi. Alijichagulia baraza la ghala moja lililofungwa karibu na soko, akalifagia vizuri kuliko wengi tunavyofagia nyumba zetu, na aliyekanyaga pale alitupiwa mawe. Alikuwa akizungumza na watu ambao sisi hatukuwaona, wakati mwingine kwa upole, wakati mwingine kwa hasira iliyomtoa machozi. Mjini walimwita chizi. Mimi niliandika kwamba ana ugonjwa wa akili usiotibiwa, nikaanza kwenda.

Kwa miezi niliketi mbali kidogo na baraza lake, asubuhi baada ya asubuhi, bila kutoa kitu ndani ya begi. Alinirushia mawe, kisha maganda ya machungwa, na mwisho maneno tu. Siku moja akaniuliza kwa nini siku hizi nachelewa. Nikajua tumefika mahali. Baadaye daktari aliyekuwa akija kutoka mkoani alimwona palepale barazani, akamwandikia sindano ya kila mwezi, na Tausi akakubali kwa masharti mawili: nichome mimi mwenyewe, na nisilete mtu. Sauti zilipungua. Akaanza kulala usiku kucha. Akaanza hata kunisahihisha ninavyokunja mikono ya sare.

Halafu nikaona tumbo.

Sitaandika sana juu ya hilo. Mwanamke anayelala barazani hana mlango wa kufunga, na wanaume wa mji wanajua. Nilimwuliza kwa upole, akageukia ukuta. Tulitoa taarifa polisi, askari wa kike akaja nami kwa ruhusa ya Tausi, akaketi naye kwa subira, lakini Tausi hakumtaja mtu. Hakuna aliyekamatwa.

Nilipompima tumbo kwa mara ya kwanza, nyuma ya kanga aliyoishika mwenyewe kama pazia, nikakuta kovu la upasuaji. Aliwahi kujifungua kwa kisu. Daktari alipofika alinieleza nilichokuwa nikikihofia. Kwa hali aliyokuwa nayo, na kwa kovu lile ambalo hatukujua historia yake, hakutakiwa kusubiri uchungu uanze mahali pasipo na chumba cha upasuaji. Uchungu ukilivuta kovu, linaweza kupasuka, na likipasuka mama na mtoto wote wawili huondoka kwa muda mfupi sana. Alitakiwa akae karibu na hospitali mpaka siku ya kupasuliwa.

Nilimweleza Tausi. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya mtu mwenye akili timamu, kisha akasema hatoki barazani. Tukakubaliana kwamba atakwenda wiki ya mwisho, nami nitakwenda naye, nitalala naye hukohuko. Mpaka hapo nitapita kila asubuhi.

Wiki hizo hizo mji ulikuwa ukitarajia wageni wakubwa. Baadhi ya wafanyabiashara wakaunda kamati yao ya kupendezesha mji, mwenyekiti akiwa Bwana Shabani, muuza vifaa vya ujenzi, mtu mstaarabu anayetoa sadaka kila Ijumaa mpaka foleni inazunguka duka. Wakapaka mawe ya barabarani chokaa. Nikasikia wanasema na watu wa nje "watashughulikiwa". Nilimwendea dukani, nikamweleza kwamba baadhi yao ni wagonjwa wangu walio kwenye dawa, na mmoja ni mjamzito wa hatari. Akaniletea kiti, akaagiza soda, akasema nisiwe na wasiwasi, wagonjwa hawataguswa. Nikamwamini, maana sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Jumamosi moja asubuhi nilipofika sokoni, baraza lilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji na kusuguliwa. Kanga zake hazikuwepo, boksi halikuwepo, hata majivu ya jiko lake la mawe matatu yalikuwa yamezolewa. Nilikwenda nyuma ya soko la samaki, tupu. Stendi, tupu. Nikarudi kwa Mama Chai, nikamkuta ameketi mbele ya moto bila kupika.

Aliniambia lori lilikuja mapema, kabla ya adhana ya alfajiri, likiwa na vijana wa kamati. Hapakuwa na vurugu, na hilo ndilo lililomshangaza. Watu walipanda wenyewe, wazee wakasaidiwa kwa mikono. Tausi aligoma kidogo, kisha naye akapanda. Mama Chai alidhani ni mpango wetu wa hospitali.

Bwana Shabani alikuwa akifungua duka. Nilimwuliza watu wangu wako wapi. Akasema wamesafirishwa kurudi makwao. Nikamwuliza Tausi kwao ni wapi, maana mimi nilikuwa nikitafuta jibu hilo tangu nimjue. Akaendelea kufungua milango. Nikamwambia kwamba yule mwanamke akishikwa na uchungu porini atakufa, na nitakuja kumweleza yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikupaza sauti. Alinitazama, akatoa simu, akanitajia namba ya dereva.

Dereva alikuwa kijana, na alipopokea nilisikia kwamba tayari ameogopa.

"Mama, mimi nimepewa kazi tu," alisema. "Nimewashusha barabarani, karibu na Mchinga. Nimeambiwa nivuke mpaka wa wilaya."

Nikamwuliza kuhusu mwanamke mwenye kanga nyingi.

"Huyo alikuwa anashika tumbo, mama. Tangu njiani."

Mchinga ni mbali na Masoko, ni karibu zaidi na Lindi. Nilimpigia daktari, akawapigia wenzake wa Lindi. Nilimpigia Sista Anastazia nyumbani kwake, nikamweleza kwa maneno machache. Hakuniuliza swali lolote ila kovu ni la wima au la kulala. Nikamjibu la wima, ambalo hupasuka upesi zaidi. Akasema "Yesu wangu," akakata simu. Mimi nikapanda bodaboda mpaka njia kuu, Nangurukuru, nikasimamisha basi la kwanza lililokwenda kusini.

Safari ile sitaisahau. Basi lilisimama kila mtu aliponyoosha mkono. Mtu mmoja alipandisha magunia ya mihogo kwa utulivu kana kwamba dunia haina haraka yoyote, na kweli dunia yake haikuwa nayo. Nilikuwa nimelipakata begi, kipembe kikinichoma mbavuni, nikihesabu kichwani dalili: maumivu yasiyoachia kati ya uchungu na uchungu, kovu likiguswa analia, mapigo ya mama yanakimbia, moyo wa mtoto unapungua. Nilizirudia kama mtoto wa madrasa anayesoma juzuu, maana nilipoacha kuzirudia nilianza kumwona amelala kando ya barabara.

Niliona kundi kabla kondakta hajaniita. Walikuwa chini ya kivuli kidogo kando ya lami, mzee Bakari na wengine, na Juma amelazwa ubavu, kichwa juu ya mapaja ya mwenzake. Alikuwa ameanguka, wakamlaza walivyofundishwa. Niliwaamkia. Hakuna aliyeitikia. Mzee Bakari, ambaye mguu wake niliufunga kwa miaka, aliugeuza uso wake.

Sikuelewa, wala sikuwa na muda wa kuelewa. Niliuliza Tausi alipo, mmoja akaonesha kwa kidevu upande wa minazi.

Wanawake wa Mchinga walikuwa wamesimama kwa mbali wakiwa na ndoo ya maji. Mmoja, mtoto mgongoni, alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini kwamba walimkuta pale, wakataka kumsaidia, anawatupia makumbi ya nazi. Alisema uchungu unakuja na kurudi, lakini sasa haurudi vizuri, kana kwamba umeganda.

Tausi alikuwa ameegemea mnazi, magoti wazi, kanga zimelowa jasho. Kumbi la nazi mkononi. Nilipotaka kusogea aliliinua.

Niliketi kwenye mchanga palepale nilipokuwa, mbali kama zamani barazani. Kila kiungo changu kilitaka kukimbia kwake. Nikakaa.

"Tausi, ni mimi."

"Najua ni wewe," alisema. "Wamesema nesi Rukia anatuita hospitali. Ndiyo nikapanda."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hapakuwa na vurugu, na kwa nini mzee Bakari aliugeuza uso. Walipandishwa lori kwa jina langu. Uchungu ukamshika, akauma kanga, akashika upande wa chini wa tumbo, palepale penye kovu. Uliposhuka, mkono wake haukutoka pale.

"Sikuwaita," nilimwambia. "Mimi nikitaka kukuita nakuja mwenyewe. Tangu tujuane, nimewahi kukutumia mtu?"

Alilizungusha kumbi mkononi. Nilijua kwamba kama angesema ndiyo, hata kwa kukosea, sina la kufanya isipokuwa kumshika kwa nguvu, na tukimshika kwa nguvu atapambana, na akipambana kovu litaachia.

"Hujawahi," alisema mwisho. Akaliweka kumbi chini.

Nilimpima palepale. Kovu lilikuwa linauma hata kwa kidole chepesi. Moyo wa mtoto niliusikia kwenye kipembe, upo, lakini mzito, ukichelewa kurudi baada ya kila uchungu. Nilimweleza yote bila kumficha, kwa sababu Tausi alikuwa na kipaji cha kumtambua mtu anayeficha. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Kisha tukasikia gari. Lilikuwa gari la wagonjwa kutoka Lindi, na aliyeshuka mbele, akiwa na vazi la nyumbani na kandambili, ni Sista Anastazia. Alikuwa amekwenda mwenyewe hospitali na kukaa ndani ya gari mpaka likaondoka. Lakini Tausi aliposikia injini alijaribu kuinuka, akapiga magoti, akaanza kutambaa kuelekea minazini.

"Gari sipandi," alisema. "Likifungwa sioni tunakokwenda. Sipandi."

Sista Anastazia alisimama mbali, akapiga hodi kwa sauti, akaketi kwenye mchanga kwa taabu, maana magoti yake yalikuwa ya mtu mzima. Akamwamkia, akajitaja jina. Akamwuliza lile lori lilikuwaje. Nilitaka kumkumbusha kwamba hatuna muda, nikajizuia. Tausi akasema walifunikwa turubai. Hawakuona kitu njia nzima.

"Na mlango usipofungwa?" Sista aliuliza. "Ukiiona barabara mpaka mwisho?"

Uchungu mwingine ukaja, mrefu. Ulipopungua akasema, "Usifungwe kabisa."

Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa na haki ya kukataa. Alisema vumbi litaingia, mgonjwa anaweza kuanguka, na trafiki akimkamata atamwambia nini.

"Trafiki akitusimamisha," Sista Anastazia alimjibu, "mwambie apande azalishe yeye."

Yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikimbia kwake akarudi na kamba ya kufungia mbuzi. Dereva alifunga milango ya nyuma ikae wazi, akaivuta kuijaribu, akafunga tena. Mimi nikapanda kwanza, Tausi akaniona nimeketi ndani, kisha akapanda kwa miguu yake huku ameshika bega la Sista. Tukamlaza kwa ubavu wa kushoto, uso kuelekea nje. Sisi wawili tukaketi kwenye mlango, migongo yetu ikiwa ndiyo mlango wenyewe, na katikati yetu tukaacha nafasi ya yeye kuona.

Tukaenda Lindi hivyo. Barabara ilikuwa inakimbia nyuma yetu, minazi, mabanda ya ufuta, watu waliosimama kutushangaa. Nilikuwa na mkono mmoja kwenye mshipa wake na mwingine nimeshika chuma. Mapigo yalizidi kukimbia. Dripu niliyomwekea ilikuwa ikicheza juu ya vichwa vyetu. Kila nilipomtazama Sista alikuwa akitazama shuka, akitafuta damu, na kila alipoinua macho alikuwa akitikisa kichwa kwamba bado. Tausi hakupiga kelele. Alikuwa akitaja vitu anavyoviona, kimoja kimoja, kwa pumzi fupi: mbuzi, msikiti, mtu na baiskeli. Karibu na mji akaacha kutaja. Nikamwita. Akasema, "Naona bado," lakini kwa sauti ya mbali.

Walimpokea mlangoni na kumpitisha moja kwa moja. Tulibaki kwenye benchi la ukumbini, vumbi limetugeuza rangi. Sista alikuwa na rozari yake, mimi nilikuwa na vidole vyangu. Watu walipita na vyakula vya wagonjwa wao, nami niliwachukia kwa kitambo kidogo kwa sababu walitembea polepole.

Daktari aliyetoka alikuwa kijana, barakoa imemning'inia shingoni. Alituambia kovu lilikuwa limeanza kufunguka, limebaki utando mwembamba kama wa yai. Wangechelewa kidogo tu wangekuta jambo jingine. Mtoto wa kike alitoka bila kulia, wakamhangaikia, kisha akalia. Mama yu hai. Sista Anastazia akauliza kama kuna mahali pa kunawa miguu. Mimi nikatoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikalia mpaka mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani.

Afisa ustawi wa jamii, mama mmoja asiyechoka, alisambaza habari kwa watendaji wa vijiji vya bara, na dada yake Tausi akajitokeza kutoka huko. Alituambia jina lake ni Hadija. Aliwahi kuolewa, akapasuliwa, mtoto wa kwanza akafa, ugonjwa ukaanza, mume akamwacha, na siku moja akatoka nyumbani wasimwone tena. Dada alikuwa ameshamsomea hitima. Nilipomwita Hadija wodini alinikatiza.

"Hadija ni wa nyumbani," alisema. "Tausi ni wa sokoni. Wewe ni wa sokoni. Usichanganye."

Wale wengine walirudi Masoko mmoja mmoja, kwa lifti za malori, lakini hawakurudi kwangu. Kijana wa kifua kikuu alijificha nikipita, na tembe zake alikuwa karibu kuzimaliza. Mzee Bakari alijifunga mguu mwenyewe kwa kitambaa kichafu. Nilianza upya kama mgeni, nikipiga hodi hewani, nikiketi kwenye kreti, nikizungumza juu ya pweza.

Kamati iliponiita kikaoni, Bwana Shabani alieleza kwa heshima kwamba walitumia jina langu kwa nia njema, ili watu waende kwa amani.

"Walikwenda kwa amani, ndiyo," nilimwambia. "Amani hiyo niliijenga kwa miaka, wewe umeitumia asubuhi moja."

Hakuomba radhi, nami sikungoja. Lakini lori halikuja tena, na baada ya muda bomba la nje la lile ghala, ambalo lilikuwa limefungwa kwa kufuli, likaachwa wazi. Sijui nani alilifungua lile kufuli. Lilikuwa la aina inayouzwa dukani kwa Bwana Shabani.

Tausi alikaa kwa dada yake mpaka korosho zikavunwa, kisha akarudi barazani. Mtoto alibaki kule, ananenepa, anaitwa Mwanahamisi, na mama yake humwendea na kurudi. Nilifadhaika sana. Nilimwuliza kwa nini ameacha nyumba yenye kitanda. Alisema kule wanamchunga usiku asitoroke, na mtu anayechungwa halali. Hapa analala. Niliacha kuhesabu kurudi kwake kama kushindwa kwangu. Kazi yetu ilikuwa kumfikishia huduma mahali anapolala, popote pale.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilimpeleka Neema, muuguzi aliyepangwa kushika mzunguko. Nilikuwa nimemwomba Tausi ruhusa kabla, kwa kuwa yale masharti yake hayakuwa yamefutwa. Neema alipiga hodi, akavua viatu, akaketi chini kando, si kati ya Tausi na njia. Tausi aliendelea kufagia kana kwamba hatupo. Akafagia mpaka kwenye miguu ya Neema, akasimama hapo na ufagio.

"Huyu mzee anaondoka," alimwambia. "Wewe utakuja?"

"Nitakuja, mama."

"Hata mvua ya masika?"

Neema hakujibu haraka, na hilo nililipenda. Aliitazama barabara inayoteremka sokoni, ile inayojaa maji. "Masika naweza kuchelewa," alisema. "Lakini nitakuja."

Tausi aliuegemeza ufagio ukutani. Akachukua kanga moja, akampa Neema ashike pazia, kisha akatugeuzia mgongo na kuegemea ukuta, tayari kwa sindano. Nilimpa Neema bomba la sindano, Tausi akitutazama juu ya bega lake na kubaki palepale, nikaishika kanga mimi.